Kaa wa Mikoko na Mwendo wa Maji

Likizo ya Desemba inapofika, familia nyingi hushuka pwani na kukodi mtumbwi, ngalawa au boti ya mashine kwa siku moja au mbili. Mahali pamoja panapopendwa ni hori ya Mida, karibu na Watamu, katika kaunti ya Kilifi. Hori ni mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu. Kingo za Mida zimejaa mikoko, yaani miti inayoota mahali panapofunikwa na maji ya chumvi na kuachwa wazi tena maji yanapoondoka. Chini ya miti hiyo huishi kaa mkubwa wa rangi ya kijani iliyokolea, ambaye wataalamu humwita Scylla serrata na watu wengi humjua kama kaa wa mikoko. Kaa huyu huyu hupatikana Rufiji, Pemba na kwingineko kwenye mikoko ya bahari ya Hindi.

Mgeni huazima dema, akanunua chambo, akalishusha popote boti ilipofika, akasubiri. Akitoka mikono mitupu husema hakuwa na bahati. Bahati ina sehemu yake, lakini ni ndogo. Kaa ana saa zake za kutoka, ana namna yake ya kujua chakula kilipo, na ana vipindi vya maisha ambavyo hafai kuliwa hata akinaswa. Mtu ambaye hajawahi kushika mshipi anaweza kuyaelewa haya yote, mradi aanze na maji yenyewe.

Maji ya bahari hujaa na kupwa. Kujaa ni kupanda kwa maji mpaka yafunike ufuo. Kupwa ni kushuka kwake mpaka ufuo ubaki wazi. Chanzo kikuu ni mvutano wa mwezi. Mvutano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Upande wa dunia unaoutazama mwezi uko karibu nao kuliko kitovu cha dunia, kwa hiyo maji ya upande huo huvutwa kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kitovu, nayo huinuka. Upande wa nyuma uko mbali na mwezi kuliko kitovu. Maji yake huvutwa kwa nguvu ndogo kuliko kitovu, hubaki nyuma, na kwa sababu hiyo nayo huinuka. Msomaji asiipite hatua hii haraka, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini maji hujaa mara mbili badala ya mara moja. Dunia inapojizungusha, pwani yetu hupita kwenye miinuko yote miwili.

Kama mwezi ungekaa mahali pamoja, mzunguko huo ungemalizika kwa saa 24 kamili. Lakini mwezi nao unaizunguka dunia kuelekea upande ule ule ambao dunia inajizungushia, kwa hiyo kila siku pwani yetu huhitaji dakika 50 hivi za ziada ili kuufikia tena. Tukigawanya saa 24 na dakika 50 kwa mbili, tunapata saa 12 na dakika 25 kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine. Kutoka kujaa hadi kupwa ni nusu ya hapo, yaani saa 6 na ushei.

Jua nalo huvuta maji, ingawa athari yake haifiki nusu ya athari ya mwezi kwa kuwa liko mbali sana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu katika mstari mmoja, na mivutano miwili husaidiana. Siku hizo na siku moja au mbili baada yake maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kutoka pande zinazokatana, na kila mmoja hupunguza kazi ya mwenzake. Hayo ndiyo maji mafu. Katika pwani ya Kenya na Unguja, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia mita 3 hadi 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1.

Umbo la mabara na kina cha bahari huyachelewesha maji, kwa hiyo hayajai hasa wakati mwezi uko utosini. Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa takriban saa nne, asubuhi na usiku. Sasa tuhesabu. Kila siku maji huchelewa dakika 50. Kwa siku 7 huchelewa dakika 350, ambazo ni karibu saa 6. Kwa hiyo juma moja baada ya bamvua, maji yatakuwa yanajaa saa nne na kupwa saa kumi, kinyume cha mwanzo. Anayejua tarehe ya mwezi mwandamo anaweza kukadiria saa za maji bila jedwali lolote, na ndivyo wavuvi walivyofanya kwa karne nyingi. Ndani ya hori maji huchelewa zaidi kuliko nje, kwa sababu hulazimika kupita mlango mwembamba.

Maji hayapandi wala kushuka kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote cha kupwa katika sehemu 12. Katika saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu sehemu 3, ya nne sehemu 3, ya tano sehemu 2, na ya sita sehemu 1. Kama tofauti ni mita 3, saa ya kwanza itashusha sentimita 25 tu, lakini saa ya tatu na ya nne kila moja itashusha sentimita 75. Nusu ya maji yote huondoka katika saa hizo mbili za katikati. Kanuni hii ni ya kukadiria, lakini inatosha kwa mambo mawili ambayo mwenye boti lazima ayajue.

La kwanza ni usalama wa boti. Aliyeingia kwenye mfereji mwembamba wa mikoko maji yakiwa yamejaa huona saa nzima ya kwanza kana kwamba hakuna kinachobadilika. Akiendelea kukaa, saa mbili zinazofuata humwacha juu ya tope, na huko atakaa mpaka maji yarudi. Kwa upande mwingine, aliyetia nanga maji yakiwa yamekupwa kwa kamba fupi atakuta kamba imesimama wima maji yakijaa, na nanga inayovutwa kwenda juu hung'oka. Nanga hushika kwa kulala na kuvutwa kwa ubavu. Kwa hiyo kamba ipimwe kwa kina cha maji yatakapojaa, na iwe ndefu mara kadhaa kuliko kina hicho. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, avae jaketi la kuokolea maisha tangu kupanda hadi kushuka, hata kama hori imetulia. Mlangoni mwake, saa ya tatu na ya nne, mkondo huwa na nguvu ya kumshinda mwogeleaji hodari.

La pili ni harufu, na hapa ndipo kaa anapoingia.

Harufu ni chembe ndogo sana, ziitwazo molekuli, zinazotoka kwenye kitu na kumfikia kiumbe anayeweza kuzitambua. Kipande cha samaki kikiwa majini hutoa molekuli za asidi za amino, ambazo ni vijenzi vya protini. Kaa ana jozi ya vipapasio vifupi kati ya macho yake, vyenye vinyweleo vinavyozitambua molekuli hizo. Ukimtazama kaa aliyetulia majini utaona vipapasio hivyo vinachapwa-chapwa haraka: kila pigo huleta maji mapya kwenye vinyweleo, na hivyo ndivyo kaa anavyonusa.

Lakini molekuli hufikaje kwake? Katika maji yasiyosonga kabisa, hutawanyika kwa kugongana-gongana tu, na mwendo huo ni wa polepole mno: molekuli ndogo huhitaji karibu siku nzima kwenda sentimita moja hivi. Chambo kilichowekwa kwenye maji yaliyosimama kama hayo kingebaki siri kwa kaa aliye hatua chache tu kutoka hapo. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde, kwa upande wake, huibeba harufu mita 30 kwa dakika moja, na kuitandaza upande mmoja tu, kama moshi wa jikoni unavyofuata upepo. Kaa aliye ndani ya utepe huo hutembea kuukabili mkondo hadi akifikie chambo. Aliye nje yake hajui lolote.

Kutokana na hilo tunaweza kujua mahali pa kuweka dema. Dema ni mtego wa kikapu, uliosukwa kwa fito au waya, wenye mlango unaokuwa mwembamba kuelekea ndani ili anayeingia asipate njia rahisi ya kutoka. Maji yanapoanza kujaa, mkondo huelekea mikokoni. Dema likiwekwa kwenye mdomo wa mfereji unaoingia mikokoni, harufu itapelekwa moja kwa moja kwenye mashimo ambako kaa wamejificha. Maji yanapokupwa mkondo hugeuka, na dema lile lile hupeleka harufu yake hori ya wazi ambako kaa ni wachache. Sasa linafaa lisogezwe ndani zaidi ya mfereji. Maji yakiwa yamesimama, iwe yamejaa au yamekupwa, kungoja hakuna faida kubwa. Saa nzuri ni zile za katikati, tena jioni na usiku zaidi kuliko mchana, kwa kuwa kaa huyu hula sana gizani. Chambo kiwe kibichi. Wengi hudhani chambo kilichooza ndicho kinachovuta kwa sababu kinanuka kwa pua ya binadamu, lakini kaa wa mikoko huvutwa zaidi na samaki aliyekatwa muda mfupi uliopita, ambaye bado anamwaga asidi za amino kwa wingi.

Kanuni hii ya mkondo humhudumia pia mwenye mshipi. Changu na chaa hutafuta chakula mahali ambapo maji yanapita na kukileta, kwa hiyo mshipi hushushwa kandokando ya mkondo, mahali maji ya haraka yanapokutana na yaliyotulia. Chubwi, yaani risasi inayozamisha mshipi, iwe nzito kiasi cha kugusa chini bila kuburutwa. Samaki mmoja atambuliwe kabla ya kitu kingine chochote: bunju, ambaye hujivimbisha akitolewa majini. Sumu yake huua na haiharibiki kwa kupikwa. Arudishwe.

Sasa tumchunguze kaa aliyepanda na dema. Mwili wake umefunikwa na gamba gumu lililotengenezwa kwa kitini, dutu inayofanya kazi kama ya kucha, na kuimarishwa kwa chumvi za kalsiamu. Gamba hilo ndilo mifupa yake. Mifupa yetu iko ndani na hukua pamoja nasi. Gamba la kaa liko nje, na likishakauka halikui tena. Kaa anayetaka kuongezeka hana budi kulivua.

Kabla ya kuvua, hutengeneza gamba jipya, laini, chini ya lile la zamani. Kisha la zamani hupasuka upande wa nyuma, naye hutoka kinyumenyume, akichomoa miguu, magando na hata vipapasio. Mara tu anapotoka hunywa maji mengi na kuvimba, ili gamba laini litanuke kabla halijakauka. Huo ndio ukuaji wake: hauendi kidogo kidogo kila siku, huja kwa vipindi. Katika siku na majuma yanayofuata gamba hukauka, na maji yaliyolijaza hubadilishwa taratibu na nyama.

Kwa mvuvi jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Kaa aliyejivua gamba karibuni anaweza kuwa mkubwa kwa macho na mtupu kwa ndani. Kumjua si vigumu. Mshike kutoka nyuma, kidole gumba juu na vingine chini, mbali na magando, maana gando la kaa huyu huvunja maganda ya kome na linaweza kuvunja kidole. Kisha bonyeza kwa kidole gamba la chini, karibu na shina la miguu. Likibonyea, ni mtupu. Kaa aliyejaa ni mgumu kila upande, mzito kuliko umbo lake linavyoonyesha, na mara nyingi gamba lake limekwaruzika na kubadilika rangi kwa sababu amelivaa muda mrefu. Kaa mtupu akirudishwa, baada ya majuma machache atakuwa na nyama ambayo leo haipo. Kumpika sasa ni kumpoteza bure.

Ukiwa bado umemshika, mgeuze. Chini ya mwili kuna kipande cha tumbo kilichokunjwa na kubanwa kifuani. Kwa dume kipande hicho ni chembamba, cha pembetatu. Kwa jike aliyekomaa ni kipana na cha mviringo, kinachokaribia kufunika kifua chote. Upana huo una kazi: jike hubeba mayai yake chini ya kipande hicho, yakiwa zaidi ya milioni moja kwa mara moja, ya rangi ya chungwa mwanzoni na meusi yanapokaribia kuanguliwa.

Watu wengi wenye nia njema hurudisha jike mwenye mayai na kumchukua asiye nayo. Kwa kaa wa mikoko kanuni hiyo haitoshi, na sababu yake iko katika maisha yake. Jike hupandwa akiwa amejivua gamba karibuni, gamba lingali laini. Dume humkumbatia kwa siku kadhaa kabla na baada, na kwa hilo humlinda pia. Mbegu anazopokea huzihifadhi mwilini, na anaweza kuzitumia kwa mafungu kadhaa ya mayai. Kisha huondoka horini na kuelekea bahari kuu, ambako mayai huanguliwa na viluwiluwi huelea kwa majuma kadhaa kabla ya kurudi ufukoni wakiwa vikaa vidogo. Kwa hiyo horini ni nadra kumwona jike mwenye mayai ya nje. Yule unayemwona hana mayai kwa macho, lakini huenda amebeba mbegu na yuko njiani kwenda kuzaa. Ukimchukua umechukua pamoja naye kizazi ambacho hukukiona. Katika jimbo la Queensland, Australia, ambako kaa wa aina hii huvuliwa sana na watu walio likizoni, sheria inataka majike wote warudishwe, na madume wasiofikisha sentimita 15 kwa upana wa gamba pia. Naiona sheria hiyo kuwa ya haki, kwa sababu imejengwa juu ya jinsi mnyama anavyoishi, na mtu yeyote anaweza kuifuata hata mahali ambapo haijaandikwa.

Dume mkubwa, mgumu, aliyejaa, ndiye wa kubaki botini. Magando yake yafungwe kwa kamba, kisha awekwe kivulini ndani ya gunia lililoloweshwa kwa maji ya bahari. Wengi humtumbukiza kwenye ndoo ya maji wakidhani wanamhurumia, naye hufa. Sababu ni oksijeni. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hubeba kiasi cha miligramu 6 tu za oksijeni. Lita moja ya hewa ina kama 270. Kaa watatu kwenye ndoo humaliza oksijeni ya maji upesi, na maji yaliyosimama hayapokei nyingine kwa haraka inayotosha. Matamvua ya kaa, yaani viungo vyake vya kupumulia, yanaweza kuchukua oksijeni ya hewani mradi yabaki na unyevu. Gunia bichi humpa vyote viwili.

Kaa akifa kabla ya kupikwa atupwe. Vimeng'enya vya tumboni mwake huanza kuyeyusha nyama mara moja, na bakteria huzaana upesi katika joto la pwani. Njia bora ya kumpika aliye hai ni kumweka kwenye barafu mpaka alegee kabisa asitikisike, ndipo atiwe kwenye maji yanayochemka.

Limebaki dema. Dema lililopotea haliachi kunasa. Kaa huingia kufuata chambo, hafi siku hiyo wala kesho yake, na akifa huwa chambo cha mwingine. Dema la fito huoza baada ya muda na kufunguka. La waya hukaa miaka. Jimbo la Washington, Marekani, huwalazimisha wavuvi kufunga mtego kwa uzi wa pamba unaooza, ili ukipotea ufunguke wenyewe. Sisi tuna katani. Mlango wa kumtolea kaa kwenye dema la waya ukifungwa kwa uzi mwembamba wa katani, kazi hiyo hiyo itafanyika kwa gharama ndogo sana.

Mida imo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968. Sheria ya Kenya hutofautisha mbuga ya bahari, ambamo kuvua chochote ni marufuku, na hifadhi ya bahari, ambamo uvuvi wa kienyeji huruhusiwa kwa masharti. Mpaka kati ya sehemu hizo hauonekani juu ya maji. Kwa hiyo kabla ya kushusha dema, nenda kwa maofisa wa shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, au kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, uliza mpaka uko wapi na kibali gani kinahitajika. Majike warudishwe pale pale waliponaswa, na dema litolewe majini kabla boti haijarejeshwa kwa mwenyewe.